Samaki Mwenye Viatu

Kazi yangu ni kupaka nyumba za watu rangi nyeupe.
Si nyeupe ya maziwa, si ya pamba:
nyeupe ya mwenye nyumba,
isiyomuudhi mpangaji wala kumfurahisha.
Miaka kumi na miwili hapa Dundee,
ngazi za mawe, ndoo mbili mkononi,
nimefuta ukungu, nimefuta alama za misumari,
nimefuta na watoto.

Ndiyo, watoto. Juzi kule Hilltown, chumba cha nyuma,
familia imehama, imeacha pazia moja na harufu ya supu,
na ukutani, chini, kimo cha goti langu,
treni ya krayoni inakata daraja la mto Tay.
Abiria wote ni vichwa tu, vimepangwa kama mayai.
Mmoja ana masharubu.
"Piga mikono miwili," akasema Alasdair, "itatoweka."
Lakini krayoni ina nta, rangi huteleza juu yake.
Nilipiga mikono minne.
Masharubu ndiyo yaliyokufa mwisho.

Nikarudi nyumbani na mvua ya ubavuni,
nikamkuta Tunu, miaka minne na robo,
amelala kifudifudi koridoni, ulimi nje,
anachora samaki kwenye ukuta tuliopanga.
Samaki ana miguu. Miguu ina viatu.
Viatu vina kamba, na kamba hazijafungwa.
Anapanda ngazi za jengo letu.

Nikafungua mdomo. Ikaja sauti isiyo yangu,
ya Mwalimu Sembua, darasa la pili:
"Kuku ana miguu mingapi, wewe?"
Nilikuwa nimemchorea mitatu.
Darasa likacheka mpaka chaki ikadondoka ubaoni,
na tangu siku ile sijachora kitu chenye uhai.
Samaki mkunje angali mbichi, walisema.
Nikakunjwa vizuri. Nikaenea sahanini.

Mashavu alikuwa anavua sare ya kiwanda cha mikate,
unga bado kwenye nyusi.
Akanitazama, hakusema neno.
Kuna kutazama kunakomshika mtu mkono.

Nikachuchumaa. Magoti yakalia.
"Anakwenda wapi huyu?"
"Kwa Bibi Morag, ghorofa ya tatu. Kaalikwa chai."
"Na mvua hii, mbona kijani?"
"Bluu imeisha."
Basi. Nilikuwa natafuta hekima,
nikapewa hesabu ya krayoni.

Sikumwambia ni mzuri.
Sikumwambia atakuja kuwa mchoraji mkubwa
(ndugu kwenye simu wameshamfanya daktari).
Nilimwuliza tu kama samaki atavua viatu mlangoni.
Akafikiri sana, kidole puani.
Akachora zulia.

Usiku nikatoa garini mabaki ya karatasi,
ile nzito ya kufunikia kuta zenye nyufa,
nikaibandika koridoni, toka mlangoni hadi chooni,
kimo cha mtoto, na cha mtoto akinyoosha mkono,
na cha mtoto juu ya kigoda, maana namjua.
Samaki nikamwachia dirisha.
Amana iliyo kwa mwenye nyumba
tutaililia siku ikifika.

Jumapili, mvua ile ile. Tunu akanisogezea nafasi,
akanipa nyekundu, iliyobaki kama ukucha.
Mimi, fundi wa miaka kumi na miwili,
mkono ukatetemeka mbele ya karatasi tupu
kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji.
Nikachora kuku. Mguu mmoja. Wa pili.
Nikasita.

"Hajaisha," akasema Tunu,
bila kuinua macho.